Mwate Aole

Maji yalikuwa yamejaa. Boti ya Lamu ilishapita mkondo wa Mkanda na kufunga gatini Mtangawanda, kisiwani Pate, na abiria wa Siyu na Pate walikuwa wakigombania mizigo. Punda mmoja akagoma. Mbele yake turubai la buluu lilifunika saruji, ncha moja ikipigwa na upepo. Kijana aliyempanda akampiga visigino vya mbavu, kisha fimbo. Punda akazidi kujikita.

"Mwate aole," akasema mzee mmoja kutoka kivulini. Mwache atazame.

"Haya ami, panda wewe."

Akapanda kama wapandavyo watu wetu, bila tandiko, amekaa nyuma karibu na kiuno. Akalegeza kigwe. Kisha, nikidhani sasa ataanza kazi, hakufanya kitu. Punda haoni kilicho mbele ya pua yake, macho yamekaa pembeni. Mzee akamgeuza kidogo, jicho moja likalipata lile turubai. Mimi nikawa natazama masikio. La kushoto lilisimama kuelekea buluu ile, la kulia likamrudia mpandaji, kama anayeuliza. Vidole vya mzee vilikuwa vikikuna mabegani, pale mistari miwili myeusi ya manyoya inapokatana. Hatua moja. Akamsimamisha mwenyewe, kabla hajakataa. Hatua nyingine. Punda akainamisha kichwa, akanusa, akapuliza pua kwa nguvu, akapita. Muda wote ule ungetosha kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama apime. Sisi tukakuita kupima kule ujinga, na mtoto asiyejua hesabu tukampa jina la mnyama huyo. (Bora angeitwa bodaboda, asiyepima chochote.)

Lamu mjini punda wana hospitali yao tangu 1987, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku, kwa miaka 15, kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Ni heri. Lakini anayelindwa na sheria bado hupigwa njiani na mtu mwenye haraka, na haraka yenyewe ukiichunguza haina safari. Siku za Maulidi tunashangilia mbio za punda ufukweni, mshindi anabebwa. Ustadi wa yule mzee hauna mashindano. Haukuandikwa, wala sikumbuki kumwona kijana yule akiuliza ulivyofanyika. Alirudishiwa punda wake, akaokota fimbo.

Juzi nilishuka tena gatini. Bodaboda wanne walinivamia kabla sijakanyaga nchi kavu: Siyu, Siyu, twende! Nyuma yao punda mwenye shogi zilizojaa mchanga alikuwa amesimama kwenye ukingo wa dimbwi, sikio moja mbele, jingine limegeukia nyuma. Aliyempanda alikuwa akitazama simu, mkono mwingine ukipiga.