Sifa za Wanga Mtupu

Kikaango kikavu, wanga wa mhogo wenye unyevu, na moto wa wastani. Hakuna yai la kushikisha, hakuna mafuta wala hamira, na bado baada ya dakika moja au mbili unainua kitu cheupe, laini, kinachokunjika bila kukatika. Hiyo ndiyo tapioka, kifungua kinywa cha kaskazini-mashariki mwa Brazili. Kule Alto da Sé, mjini Olinda, wauzaji huipika mteja akiangalia, huikunja juu ya nazi iliyokunwa, na kumpa ingali inaunguza vidole.

Siku hizi imepata marafiki wapya: wafuasi wa mlo wa paleo, waliokula yamini ya kutogusa nafaka, maziwa na kunde ili wale kama binadamu wa mapangoni. Karibuni mezani. Ila huyo wa mapangoni hakuwahi kuionja. Mhogo ni zao la wakulima wa Amazoni, na ule mchungu, wenye sumu ya sianidi, haukuliwa mpaka watu walipoupatia dawa. Hukunwa, kisha hushindiliwa ndani ya tipiti, mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Tipiti hutundikwa na kuvutwa kwa chini. Kadiri inavyorefuka ndivyo tumbo lake linavyobana, na maji ya manjano yakachuruzika. Kwangu mimi hakuna mashine ya jikoni inayoifikia. Haina jino wala skrubu, ni ususi tu. Maji hayo huachwa yatulie hadi wanga uzame na kuwa mashapo meupe mazito. Ya juu hayatupwi: huchemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu itoke, yakawa tucupi, mchuzi ambao watu wa Belém hupikia bata.

Anayenunua wanga mkavu dukani ameepushwa na kazi hiyo yote. Kwake ufundi umebaki kwenye maji. Uloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu, tandaza kitambaa kifyonze yaliyosalia, kisha vunja donge na ulichekeche. Ukiufinya kiganjani ushikamane; ukiugusa kwa kidole gumba umomonyoke. Punje za wanga huvimba na kunatana joto likipita nyuzi 60 hivi, lakini sharti ziwe na maji ya kunywa. Yakipungua, unageuza vumbi. Yakizidi, umepika gundi. Sambaza tabaka jembamba bila kukandamiza, ngoja kingo zijiinue zenyewe, geuza. Ukizubaa, utatafuna soli ya kiatu.

Nazi ndiyo mgeni humo. Wareno waliifikisha Brazili katika karne ya 16 kupitia visiwa vya Cape Verde, asili yake ikiwa huku kwetu Bahari ya Hindi. Haohao ndio waliotuletea mhogo. Basi mwenye mbuzi nyumbani asihangaike na nazi ya pakiti, iliyokauka na kuunyang'anya wanga unyevu wake. Akune mbichi, atie chumvi kidogo, na akipenda yai au ndizi mbivu, hewala. Maziwa mazito ya kopo, ambayo wengi Brazili huyamiminia juu, ndiyo yanayovunja mwiko wa paleo. Mimi nisingeyatia hata mwiko usingekuwapo: utamu wake hufukia ladha ya nazi, nami nazi ndiyo niliyoamkia.