Kufuga Maji

Mama yangu alipokuja kunitembelea Boko mwishoni mwa Januari, alisimama mbele ya tangi sebuleni, mkoba bado uko begani. Akatazama. Maji meupe pe, mawe, mchanga, pampu inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Akainama, akachungulia nyuma ya jiwe kubwa.

"Samaki wako wapi?"

"Bado, mama."

"Hawajafika?"

"Hawajafika. Nalipevusha tangi kwanza. Hii ni wiki ya tatu."

Yeye ni mtu wa Bagamoyo, samaki kwake ni kitu cha kuparwa magamba. Akaketi, akavua viatu, akapepea uso kwa ncha ya mtandio. "Kwa hiyo, mwanangu, unafuga maji."

Alikuwa ananitania, lakini tangu siku ile sijapata jina jingine la kazi hii linaloishinda hilo.

Aliyenitia katika kazi hii ni fundi mmoja wa Tandika. Riziki yake inatoka kwenye madirisha ya aluminiamu, ila moyo wake uko kwenye matangi ya samaki. Nilipokwenda kuagiza aliniuliza, "Maji baridi au maji chumvi?" Nikajibu maji chumvi, kwa majivuno ya mtu asiyejua anachokisema. Akaacha kukata kioo. "Basi, kaka, usinunue samaki mpaka mimi nikwambie." Nilimlipa, nikalichukua tangi, na agizo lake nikaliacha palepale dukani kwake. Siku ya nane nikanunua vitatange wawili, wa manjano wenye utepe mweusi machoni. Siku ya kumi walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yamepanuka, wanahema katika maji yaliyokuwa safi kuliko ya kunywa. Nilirudi Tandika kichwa chini. Fundi hakunisimanga. Alichouliza ni kimoja tu: "Uliona maji yako meupe, ukadhani yako tayari?"

Kilichowaua ni uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavuni, mchana na usiku. Baharini amonia hiyo haina pa kujikusanya, bahari ni kubwa mno. Kwenye tangi la lita 200 haina pa kwenda. Tena maji ya bahari si ya tindikali, na joto letu la Dar unalijua. Hali hizo mbili zikikutana, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu. Dawa yake haiuzwi kwa sindano wala kwa kidonge. Ni viumbe wasioonekana kwa macho: kundi moja huila amonia na kuacha nitriti, kundi la pili huila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Viumbe hao hawaelei ovyo majini. Wanashika ukuta: kwenye jiwe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya chujio. Na ni wavivu wa kuzaana. Kijidudu cha tumboni, kikipata mazingira mazuri, hujigawa kwa dakika ishirini. Hawa huchukua karibu siku nzima, wengine zaidi ya hapo. Ndiyo maana tangi jipya hudai wiki nne, tano, hata sita kabla ya kumpokea samaki wa kwanza.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza na maji, siyo na samaki.

Kanuni ya fundi ilikuwa kwamba maji yasichotwe ufukweni. "Yanayoingia ni ya bahari," alisema, "yanayotoka ni ya mitaa yetu." Ukiijua pwani ya Kinondoni unamwelewa bila maelezo: mto Mbezi, mto Tegeta na Mlalakua yote inamwaga maji humo, na kila mmoja unakuja na vya nyumbani kwake. Nikangoja bamvua, siku kavu za kaskazi, nikapanda mashua Kunduchi asubuhi maji yanajaa, tukaenda hadi Mbudya ikaonekana miti yake mmoja mmoja. Madumu kumi na moja ya lita ishirini. Dumu moja la maji ya bahari lina zaidi ya kilo ishirini, na kila lita ina gramu kama 35 za chumvi. Maana yake lita zangu 200 zilibeba kilo saba za chumvi kutoka Kunduchi mpaka sebuleni. Dereva wa guta alitazama madumu yale yamepangwa, akanitazama na mimi, akafungua kifuniko kimoja, akaonja kwa ncha ya kidole. Akatema. "Nilidhani gongo, bosi."

Jirani yangu aliniuliza kwa nini nisinunue chumvi ya dukani nikakoroga. Swali zuri, kwa sababu hapo Kunduchi kuna mashamba ya chumvi, na chumvi yake imetoka bahari hiihii. Ila anayevuna chumvi anachagua. Maji yakikauka kwenye jaruba, ile chumvi ya mezani huganda, na magnesi na madini mengine mengi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 ya chumvi zote zilizomo baharini. Asilimia 15 inayobaki ndiyo inayofanya bahari iwe bahari.

Kuhusu mawe nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mikono ina kazi. Matumbawe hai sikuyagusa. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa kisheria tangu 1975, na hata pasingekuwa na sheria, mtu anayevunja mwamba ulio hai ili kupamba sebule hana tofauti kubwa na wale waliokuwa wakiupiga baruti. Lakini sisi wa Boko tunaishi juu ya bahari ya kale. Chimba msingi wa nyumba, utakutana na jiwe la matumbawe, jeupe, lenye vitundu, lililokufa zamani kabla ya mtu yeyote kuipa pwani hii jina. Wahenga wetu walilijua: magofu ya Kunduchi na ya Kaole yamejengwa kwa jiwe la ukoo huohuo na chokaa yake. Fundi alinifundisha kulichagua. Unalinyanyua, likikulemea kuliko lilivyokuwa jichoni, liache. Unaligonga kwa kucha. Likilia kama chungu kikavu, lina hewa ndani, lina vyumba. Hivyo vyumba ndivyo tunavyovitafuta. Jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, ukihesabu kuta za vitundu vyake vyote, lina nafasi zaidi ya wapangaji kuliko Mbagala na Tandale zikiunganishwa. Nilichagua kumi na mawili kwenye kifusi cha jirani aliyekuwa akijenga, nikayasugua kwa burashi ya nguo, nikayaanika jua la siku saba, nikayapanga kwenye tangi kwa namna ambayo maji yatapita nyuma, katikati na chini.

Wapangaji nao lazima wale. Nilikwenda sokoni Feri kununua kamba mmoja. Muuzaji alidhani nimekosea. "Mmoja?" Mmoja, mama, mbichi, asiyetiwa chumvi. Alinipa bure kwa huruma. Nikamtia ndani ya kipande cha soksi ya nailoni, nikamning'iniza kwenye kona ya tangi aoze. Na alioza kwa uaminifu. Siku ya nne mke wangu alisimama mlangoni, ameziba pua: "Hili ni tangi au karo?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana alikuwa amelenga penyewe. Nimewahi kumwona fundi wa karo Mbagala akimalizia shimo jipya kwa kutupia ndani vichwa vya samaki, "lipate kuanza kazi." Na wanasayansi wenyewe waliingia katika jambo hili kwa mlango wa karo. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na chokaa ndani ya bomba refu, wakawa wanapitisha maji taka kidogo kidogo. Kwa siku kama ishirini hakikubadilika kitu, amonia iliingia ikatoka vilevile. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, ikazidi, mpaka amonia ikaisha. Wakapitisha mvuke wa klorofomu, kazi yote ikasimama. Dawa ile ya usingizi ililaza kitu, na kinacholazwa kina uhai. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba ni viumbe. Mimi huwafikiria zaidi katika siku zile ishirini za mwanzo, wanaume wawili wazima wanachungulia bomba la mchanga lisilofanya lolote, pengine na wao wana wake mlangoni.

Vipimo vyangu ni vichupa vya dawa na mirija midogo ya kioo. Unachota maji, unahesabu matone, unatikisa, unangoja dakika tano, unainua mrija mbele ya karatasi nyeupe mchana, siyo chini ya taa. Amonia ikiwepo, manjano hugeuka kijani. Nitriti ikiwepo, samawati hugeuka zambarau. Nilikuwa naandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, pembeni ya tarehe. Siku ya sita kijani. Siku ya kumi na moja kijani kibichi cha kisamvu. Siku ya kumi na tano, kwa mara ya kwanza, mrija wa pili ukaona haya, ukawa na wekundu kwa mbali. Niliita watu waje waone. Hakuna aliyeona kitu. Siku ya ishirini amonia ikashuka ghafla, na nitriti ikapanda ikawa zambarau yenyewe, tunda lililoiva likachafua ulimi. Ikakaa hapo. Wiki ya kwanza, ikakaa. Samaki wa maji chumvi huistahimili nitriti kuliko wa maji baridi, kwa kuwa kloridi ya bahari huibania mlango isiingie mwilini, na kuna wafugaji ambao wangenunua samaki siku ile. Mimi nilikuwa na vitatange wawili moyoni. Rangi ile ilinieleza kuwa kundi la pili bado liko njiani, na sikutaka kufungua duka na nusu ya wafanyakazi.

Usiku wa siku ya ishirini na nne umeme ulikatika saa tatu. Pampu ikanyamaza, na ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa nimeizoea. Viumbe hawa wanakula amonia kwa oksijeni. Maji yakisimama, hewa inakwisha kwanza ndani ya chujio na ndani ya vitundu, hasa kwenye joto kama lile. Nikachukua kata ya nazi iliyoletwa na mama kwa ajili ya mtungi wa maji. Nachota, nainua mpaka usawa wa kidevu, namwaga polepole yaingie na mapovu. Nachota tena. Mshumaa uko juu ya redio. Mwanga wake ulipita ndani ya maji ukachora mistari ya dhahabu kwenye dari, na kila kata iliyomwagwa ikaivuruga mistari, ikarudi. Mama aliamka saa nane kwenda kujisaidia, akanikuta. Hakuuliza. Alivuta kigoda, akanipokea kata, na kwa nusu saa nzima mtu wa Bagamoyo aliyenicheka akawa anachotea hewa kitu asichokiona. Anamwaga vizuri kuliko mimi, kwa mkono mmoja, bila tone kuanguka nje. Umeme ulirudi saa kumi.

Mwaka 2005 watafiti walitangaza kuwa wamekipata, kwenye kokoto za tangi la maji chumvi la kitropiki huko Seattle, Marekani, kiumbe kinachokula amonia ambacho hata si bakteria. Ni cha jamii ya arkea, wakakiita Nitrosopumilus maritimus, na ndugu zake wamejaa tele katika bahari kuu zote. Miaka yote kabla ya hapo kilikuwa kikifanya kazi chini ya miguu ya samaki wa maonyesho, watu wakiwapiga picha samaki. Habari hiyo nilimsimulia fundi wa Tandika. Alifikiri kidogo akasema, "Sasa hapo nani alikuwa anamfuga mwenzake?"

Siku ya thelathini na tatu zambarau ilipauka. Siku ya thelathini na sita mrija ulibaki samawati. Nikasubiri kama nilivyoagizwa, nikatia tena chakula kingi cha samaki kwa makusudi kioze, nikapima, nikatia tena. Mara zote mbili vipimo vilirudi safi. Ili nibadilishe maji nusu tangi, nikampigia nahodha wa ile mashua ya Kunduchi kumwambia safari hii nina shida ya madumu sita tu, na samaki tutazungumza mwezi ujao.

Mama alikuwa amesharudi Bagamoyo. Hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na salamu zake zina mpangilio: mimi, mkwewe, watoto, kazi, jirani mwenye kifusi. Ijumaa ile alimaliza wote, akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Na maji," akasema, "hayajambo?"

"Hayajambo, mama."