Jicho la Mezani

Mpwa wangu wa kike alianza na meza. Aliweka glasi ya maji juu yake, akaigusa meza kwa kidole, akatazama maji yanavyocheza, kisha akakunja kipande cha boksi na kukipenyeza chini ya mguu mmoja. Maji yalipotulia ndipo akatandika kitambaa cheusi na kufunga kamera kwenye mkono wa taa ya zamani, ikaangalia chini kama kuku aliyeona punje ya mtama. Kamera yenyewe ni ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, ambayo wengine tunaitumia kwa mikutano. Yeye aliitaka ipime korosho.

Tulikuwa Mtwara, nyumbani kwa dada yangu. Katika biashara ya korosho zilizobanguliwa, W320 ni korosho nzima nyeupe ambazo ratili moja hubeba hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, na W180 huzipita zote mbili. Wachambuzi hutenganisha madaraja hayo kwa macho na vidole. Binti alitaka kuyasaidia macho hayo, nami nilikuja nikidhani nitaona korosho zikihesabiwa kabla ya chai ya saa nne. Chai ikanywewa, vikombe vikaoshwa, na hakuna korosho iliyogusa kitambaa.

Alichomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta, akaiweka kando soketi ya kugawa USB. Kisha akaiuliza kompyuta inaona kamera ngapi. Kompyuta yake inaendeshwa na mfumo wa Ubuntu, na huko kila kamera hujitokeza mara mbili: mlango mmoja wa picha, mwingine wa taarifa tu za picha. Kamera ya kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imeshika namba 0 na 1, ya mezani ikapata 2 na 3.

“Wengi wanaandika 0 kwa mazoea, Mjomba,” akasema, “halafu wanashangaa kuona sura zao.” Akaandika 2 kwenye daftari.

Daftari hilo lilikuwa la shule, la mistari. Upande wa kushoto aliandika alichobadilisha, wa kulia alichokiona. Hakuwahi kubadilisha vitu viwili kwa pamoja, hata pale ilipokuwa wazi kabisa, kwangu mimi angalau, kwamba vyote viwili vina makosa.

Baadaye akajenga chumba. Neno ni langu. Yeye aliandika amri moja fupi, na folda mpya ikazaliwa yenye Python yake, lugha ya kuandikia programu, iliyotengwa na ile ya mfumo. Ubuntu yenyewe hutumia Python kwa kazi zake za ndani, hivyo anayeivuruga hiyo amevuruga jiko la mwenye nyumba. Ndani ya chumba akaingiza OpenCV, ile maktaba ya programu za kuona ambayo Gary Bradski aliianzisha Intel mwaka 1999. Alikuwa ameipakua usiku, bando lilipokuwa rahisi, pamoja na NumPy, inayobeba picha kama jedwali kubwa la namba. Akanakili toleo la kila moja hadi tarakimu ya mwisho. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, programu nyingi zilizojengwa juu ya toleo la kwanza ziligoma kuwaka, na tangu hapo haamini neno “jipya” likisimama peke yake.

OpenCV ya Python husambazwa kwa majina manne. Mawili kati ya hayo hayawezi kufungua dirisha la picha, kwa kuwa yametengenezwa kwa ajili ya seva zisizo na kioo. Ukiingiza yoyote mawili katika chumba kimoja yatakanyagana, maana yote yakishaingia hujiita cv2. Akachagua moja, akaiamuru itaje toleo lake tu, ikataja. Akaandika. Kisha akapiga picha moja, akaihifadhi, akaifungua: giza tupu. Hakushtuka. Kamera inapoamka huchukua muda kujipimia mwanga, kwa hiyo akaiagiza itupe fremu 30 za kwanza, kama mtu anayeacha bomba litiririke hadi maji yatakate. Ya 31 ikatoka na kitambaa, na nyuzi zake zikihesabika.

Sasa akaomba picha kubwa, pikseli 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde. Kamera ikampa 10. Mimi ningeilaumu kamera. Yeye alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa: 1280 mara 720, mara baiti 2 kwa kila pikseli, mara 30, jumla kama megabaiti 55 kila sekunde. USB 2.0 ina megabaiti 60 kwenye karatasi, na pungufu ya hizo kwenye waya. Akaiomba kamera ibane kila fremu kwanza, na 30 zikapatikana palepale. Nikapiga makofi. Lakini yeye alikuwa ameinama akiziangalia kingo za sarafu aliyoiweka kwenye kitambaa, ambazo kule kubanwa kulikuwa kumezitia ukungu kidogo. Akarudi kwenye fremu 10.

“Korosho hazikimbii,” akasema.

Alifunga pazia, kwa kuwa jua husogea na taa haisogei. Alipowasha taa, mistari mipana ya kivuli ikaanza kupanda juu ya picha, mmoja baada ya mwingine. Hapa nilivuta kiti karibu. Hakugusa mpangilio wowote wa kamera. Alizima taa, akafungua pazia: mistari ikapotea. Akafunga, akawasha: ikarudi. Basi ni taa. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa kama ile hupepesa mara 100 kwa sekunde bila sisi kuona. Kamera ilikuwa imepangwa kwa nchi za mizunguko 60. Akabadilisha tarakimu moja, 2 ikawa 1, na picha ikatulia kama yale maji ya kwenye glasi. Kisha akaifunga mikono kamera: isijirekebishie mwanga, isijichagulie weupe, isitafute fokasi yenyewe.

Kupima ukubwa ni shughuli nyingine, kwa sababu lenzi hupinda mistari iliyonyooka, hasa pembeni. Dawa yake ni ubao wa sataranji uliochapwa kwenye karatasi. Aliubandika juu ya kipande cha kioo cha dirisha usije ukajikunja, akatoa rula. Hakupima mraba mmoja. Alipima kumi kwa pamoja. Ilipaswa kuwa milimita 250, ikawa 240: printa ilikuwa imepunguza mchoro ili utoshee ukurasa. Hakuchapa upya. Alifuta 25 kwenye programu, akaandika 24.

Akapiga picha ishirini, ubao ukiinamishwa huku na kule, ukipelekwa kwenye kila kona. Kompyuta ikarudisha wastani wa kosa: karibu pikseli moja. Alizipitia zote ishirini, akakuta mbili ambazo mkono wake ulitetemeka, akazitoa. Kosa likashuka hadi theluthi ya pikseli.

Magharibi ilikuwa imeingia. Kila kitu kilifanya kazi, daftari limejaa kurasa sita, na dada yangu alishaita mara mbili kwamba ugali unapoa. Binti akaiandika orodha ya maktaba na matoleo yake katika faili moja. Halafu, nikiwa natazama, akakifuta kile chumba chote.

Nilitoa sauti. Hakugeuka. Alizima intaneti, akajenga chumba upya kutoka kwenye lile faili na zile maktaba alizopakua usiku, akasubiri mikono ikiwa mapajani. Dirisha likafunguka. Kitambaa cheusi, taa bila mistari, sarafu yenye kingo kali. Akachukua chaki, akachora duara kuzunguka kitako cha taa ili kijulikane mahali pake kikisogezwa.

“Haya, Mjomba,” akasema. “Lete korosho.”