Ridimu Moja na Waimbaji Wengi

Msikilizaji mgeni akipewa santuri ya Jamaika yenye ridimu moja, huupokea wimbo wa kwanza kwa furaha, wa pili kwa mashaka, na afikapo wa tano huitia ila, akisema kuwa waimbaji wamekosa mahadhi yao wenyewe. Hukumu hiyo ina kosa, maana kazi imepimwa kwa mizani isiyokuwa yake.

Ridimu ni mwendo wa besi na ngoma uliorekodiwa, ambao waimbaji wengi hutia maneno yao juu yake, kila mmoja kwa zamu. Desturi hii ilikulia katika saundi sistimu za Kingston, yaani mitambo ya vipaza sauti vikubwa iliyopigwa viwanjani tangu miaka ya 1950. Mwaka 1970 U-Roy alirekodi kwa Duke Reid ughani juu ya nyimbo zilizokwisha kujulikana, na jambo la uwanjani likaingia katika santuri. Mwaka 1974 Rupie Edwards alitoa Yamaha Skank, santuri nzima juu ya ridimu moja.

Kwa wajuzi wa ushairi wa Kiswahili jambo hili si geni. Hapana amwitaye mtunzi mwizi kwa kutunga tarbia ya mizani nane kwa nane. Hutazamwa amesema nini ndani yake. Na itazamwe hivyo Diwali, ridimu ya Steven Marsden, aitwaye Lenky, ya mwaka 2002, ambayo hutembea kwa makofi. Sean Paul, katika Get Busy, huyakatia makofi hayo silabi fupi fupi, hata maneno yenyewe yakawa ngoma ya pili. Wayne Wonder, katika No Letting Go, huinyosha sauti juu ya makofi yale yale kama mtu asiye na haraka, na wimbo ukawa wa mapenzi. Azisikiaye zote mbili pamoja hujua zaidi habari za kila moja.

Ila ya kweli ya mikusanyo ni nyingine. Uwanjani, mwenye kuchagua santuri huukata wimbo dhaifu baada ya mistari michache, na ulio mwema huurudisha mwanzo watu wakipiga kelele. Katika mkusanyo dhaifu na hodari hupewa nafasi sawa, na hapana wa kuwakata.

Tena, mfano wa bahari za ushairi una mpaka. Bahari haina mwenyewe, bali ridimu ina mikono iliyoipiga. Real Rock, iliyopigwa na Sound Dimension katika Studio One mnamo mwisho wa miaka ya 1960, imebeba nyimbo nyingi mno, na kwa desturi ya zama hizo wapigaji walilipwa ujira wa kazi tu, faida ya baadaye ikaenda kwa wengine. Hata Sleng Teng ya mwaka 1985, aliyoitoa King Jammy kwa sauti ya Wayne Smith, ilitoka katika mwendo uliokuwa tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio, nao ulitungwa Japani na Hiroko Okuda. Jalada la mkusanyo lililojaa majina ya waimbaji, lisitaje hata mpiga besi mmoja, limeficha nusu ya watungaji.