Injini Mpya Ndani ya Gari la Zamani: Kagua Nyaya Kwanza

Mtu anayekuuzia Land Cruiser ya zamani iliyobadilishwa injini ataanza kwa kuwasha. Atakanyaga mafuta mara mbili tatu, injini ingurume, kisha akutazame usoni. Mwambie azime. Injini yenye kompyuta huwaka hata kwa nyaya zilizosokotwa kwa vidole, mradi ipate umeme, mafuta na habari kutoka kwenye sensa ya kranki. Mnunuzi wa Likasi ana mambo mengine ya kujiuliza. Je, itawaka mwezi wa kwanza, mvua ikishinda inanyesha, baada ya barabara ya Kolwezi kuitikisa mwaka mzima? Na ikizimika karibu na Fungurume usiku, fundi ambaye hakuifunga ataweza kufuata nyaya zake? Mngurumo hauwezi kukujibu hayo. Majibu yako chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, na mengi hutafutwa injini ikiwa imezimwa.

Kwanza uliza ni injini ipi. Kama ni 1HZ ya Toyota, ile dizeli ya lita 4.2 inayotumika sana migodini, ukaguzi ni mfupi: pampu yake haina kompyuta, nyaya zake ni za stata, za plagi za kupasha moto, za chaji, na ule mmoja unaofungua na kukata mafuta. Anayeishi mbali na fundi mzuri wa umeme ningemshauri achukue hiyo, fahari aache. Ukiambiwa ni 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 ambayo pampu yake inatawaliwa na kompyuta, au 1UZ-FE, ile V8 ya petroli iliyotoka mwaka 1989 ndani ya Lexus LS 400 na kupendwa mno na wabadilishaji injini wa Afrika Kusini, kaa chini ukague kweli.

Injini hizi hufika zikiwa zimetumika, nyingi kwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na bei hushuka pale zinapouzwa tupu. Hapo ndipo kazi mbaya huanzia. Kompyuta inatafutwa baadaye, nyaya zinachumwa kutoka gari jingine, na kinachobaki fundi anakisia. Kazi nzuri huanza na injini iliyonunuliwa pamoja na mkungu wake wote wa nyaya, kompyuta yake yenyewe, na, kwa injini za miaka ya karibuni, ufunguo wake wenye chipu na pedeli yake ya mafuta ya umeme. Bila ufunguo huo injini hugoma kuwaka, au huwaka na kuzimika papo hapo. Kama mfumo wa ufunguo umeondolewa, muulize muuzaji nani aliuondoa na kwa njia gani.

Sasa shaba. Mji huu wa Likasi umejengwa na shaba. Kiwanda cha Shituru kilikuwa kikiizalisha tangu enzi za kampuni ya Union Minière, mji ukiitwa bado Jadotville. Hata hivyo mtu anaweza kwenda dukani hapa hapa akauziwa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje. Kwa macho hautofautiki. Omba kipande cha waya kilichobaki, ukwangue uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, ule mwingine hung'aa mweupe. Au uguse kwa moto wa kiberiti cha gesi. Uzi mwembamba wa alumini hulegea na kukatika, wa shaba huiva ukabaki. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule hupata moto zaidi, na pale unapokutana na shaba halisi penye unyevu huliwa na kutu nyeupe. Mbaya kuliko huo ni waya wa nyumba, wenye uzi mmoja mgumu. Umetengenezwa kulala ukutani. Ndani ya gari hutikiswa hadi ukavunjika ndani ya ngozi yake, usione kitu.

Viungo navyo vivute kimoja kimoja, bila haya. Kiungo kilichobanwa kwa koleo lake maalumu hakitoki. Kilicholehemewa kwa risasi kinakubalika kama kimeshikizwa vizuri, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko huukata. Kilichosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi si kiungo. Joto la mwezi wa kumi huyeyusha gundi, vumbi jekundu likaingia, mvua ikafuata. Mkungu wenyewe unapaswa kukaa kama mti: shina moja nene linalotoka kwenye kompyuta, matawi yakichepuka pale tu yanapohitajika. Rangi za kiwandani ziwe zimebaki. Fundi aliyetumia waya mwekundu mtupu kila mahali amejifungia kazi yeye peke yake, na siku akihamia Lubumbashi umekwisha.

Kazi nyingi zenye sura nzuri huanguka kwenye ethi, ambayo mafundi wa Katanga huiita masi. Gari la zamani lilizoea kurudisha umeme kwa kupitia bodi, juu ya rangi na kutu, na injini yake ya kale haikujali kupoteza nusu volti njiani. Kompyuta inajali. Sensa zake nyingi hufanya kazi kwa volti 5, kwa hiyo nusu volti iliyopotea ni sehemu ya kumi ya kipimo chote, na kompyuta inaweza kupima mafuta kwa habari ya uongo. Chukua mita, weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Isome chini ya volti 0.3. Rudia kwenye waya wa masi wa kompyuta, taa kubwa zikiwaka. Kisha tazama kwa macho: kebo nene kutoka betri hadi injini, nyingine kutoka injini hadi chesisi, na nyingine hadi bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa chini ya kila boliti. Mwisho muulize fundi kwa adabu, "Papa, masi ya sensa umeirudisha wapi?" Fundi anayejua atakuonyesha pini kwenye kompyuta. Anayekuonyesha skrubu ya bodi hajamaliza kazi.

Ukiwa na mita mkononi, angalia pia betri. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 10 hivi, na injini ikishawaka chaji isimame kati ya 13.8 na 14.5. Chaji isipokuwepo, usikimbilie kulaumu altaneta: nyingi huamshwa na umeme unaopita kwenye taa ndogo ya betri ya dashibodi, na aliyebadilisha dashibodi huenda aliitupa taa hiyo.

Baadhi ya Land Cruiser za kale za dizeli ni za volti 24, betri mbili. Ukikuta injini ya volti 12 inalishwa kutoka betri moja kati ya hizo mbili, betri hizo zitakufa kwa zamu, moja kwa njaa na nyingine kwa kushiba. Gari zima ligeuzwe volti 12, au kiwekwe kifaa cha kugeuza umeme.

Kuna jaribio moja la injini za petroli ambalo mimi silisamehe. Zungusha ufunguo bila kupiga stata, usikilize pampu ya mafuta. Ikilia sekunde mbili ikanyamaza, au isipolia kabisa, ni sawa. Ikiendelea kulia, imefungwa moja kwa moja kwenye swichi. Gari la namna hiyo likipinduka na injini kuzimika, pampu itaendelea kumwaga petroli.

Joto la maji ni mtego mwingine. Geji ya dashibodi ya zamani inataka sensa yake, kompyuta inataka yake. Aliyeziunganisha zote mbili kwenye sensa moja ameidanganya kompyuta, nayo itamwaga mafuta kana kwamba injini ni baridi siku zote. Dalili ni moshi mweusi, na mnunuzi huambiwa ni nozeli.

Kompyuta ikae ndani, juu, mbali na zulia. Nyaya zinapopita kwenye ukuta wa injini pawe na mpira, na kabla ya kuingia zishuke kidogo ili maji yadondoke nje.

Kisha ndipo uwashe swichi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 huhitaji mashine: swichi ikiwa imewashwa, unganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha majaribio, uhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mkonyezo wa mfululizo ulio sawasawa maana yake hakuna hitilafu. Namba 42 ni ishara ya mwendo wa gari iliyokosekana, dhambi ya kawaida kwa aliyebakiza giaboksi ya zamani. Kama taa hiyo haipo kabisa kwenye dashibodi, jiulize kwa nini iliondolewa. Kwa injini mpya zaidi zenye sensa ya mgandamizo wa hewa, leta skana, washa swichi tu, usome namba. Likasi iko juu, karibu mita 1,300, kwa hiyo sensa nzima itasoma kilopaskali 87 hivi. Ikisoma 101, inadhani iko ufukweni Dar es Salaam.

Injini ikiwa inazunguka, shika mkungu wa nyaya uutikise kila mahali. Isikohoe.

Cha mwisho ni karatasi. Kazi ya injini yenye kompyuta isiyo na mchoro haijakamilika, hata iwe safi kiasi gani. Mwambie muuzaji amlete fundi achore mbele yako, waya kwa waya, na kila fyuzi kwa ampea zake. Akishindwa, hesabu gharama ya kufunga nyaya zote upya uitoe kwenye bei. Na akikukataza kufungua hata tepu moja, liache gari hapo ulipolikuta.