Kikundi cha Mazishi na Kadi ya Matibabu

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba ni nadra kumpata mwenye kaya asiye mwanachama wa kikundi cha kuzikana. Msiba ukitokea, huyu ataleta kuni, yule mkungu wa ndizi, mwingine maharage au fedha, na katibu ataandika jina la aliyetoa na la asiyetoa. Faini hulipwa bila kesi. Lakini watu hao hao wakiombwa wachangie matibabu yao wenyewe wangali hai, wengi husitasita. Wataalamu husema mwanakijiji hana elimu ya bima. Sikubaliani nao. Elimu hiyo anayo tangu enzi za babu zake. Kasoro imo katika chombo alicholetewa.

Tukitazame chombo chenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa ya bure. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na serikali iliahidi kuongeza kiasi kile kile kilichochangwa, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na kadi ikatambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Yaani shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kwa hesabu ya karatasini, nani angelalamika?

Lakini mkulima wa kahawa hapati fedha kila mwezi. Anazipata msimu wa mavuno, na zinamkuta ana madeni ya ada na ya dukani. Kumdai shilingi 30,000 kwa mkupuo mwezi wa njaa ni kumwambia kwa adabu kwamba hatakiwi. Tena nani aliyewahesabu watu 6? Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwaachia mabibi wengi wajukuu kuliko nafasi za kwenye kadi. Na kwa mvuvi wa Goziba au Bumbire, gharama ya kwanza ya ugonjwa ni mtumbwi wa kumvusha ziwa. Gharama hiyo kadi haiilipi.

Kubwa kuliko hayo yote ni dawa. Mwenye kadi anapopimwa, akaandikiwa, kisha akaelekezwa duka la dawa, amelipa mara mbili. Jirani yake asiye na kadi amelipa mara moja. Mwaka unaofuata, ni nani kati yao atakayeonekana mjinga?

Kikundi cha mazishi hakimtendei mtu hivyo. Mchango wake anauona kwa macho: jeneza lile pale, chakula kile kule. Daftari husomwa hadharani, na katibu akivuruga hesabu hachukui muda kuondolewa. Mwanakijiji hajakataa kuchanga. Amekataa kuchangia asichokiona.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kikundi kinatosha. Mwaka 2000 watafiti walifanya kazi Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini chenye kaya 119, wakawauliza watu wazima wote ni nani wanaotegemeana nao wakati wa shida. Waliona kwamba ugonjwa ulipoingia katika kaya, chakula hakikuyumba sana; kijiji kilibebana. Matumizi mengine yasiyo chakula kijiji kizima hakikuweza kuyakinga. Ninavyosoma mimi, jirani atakuletea ndizi, lakini hawezi kukulipia upasuaji. Kifo huja mara moja na gharama yake inajulikana. Kisukari ni cha maisha, na kingekausha sanduku la kikundi kabla ya mwaka kwisha. Mzigo huo unahitaji mfuko wa taifa, ambamo wazima wengi huwabeba wagonjwa wachache.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake umewekwa utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Nia ni njema, na kuifanya bima kuwa ya wote ni sahihi, kwa maana mfuko unaokimbiliwa na waliokwisha kuugua tu hauwezi kudumu. Lakini sheria inaweza kumlazimisha mtu kujiandikisha; haiwezi kumlazimisha kuamini. Imani hiyo ingeanza kujengwa kwa mambo matatu: michango ipokewe kidogo kidogo kupitia vikundi vilivyopo, wakati kahawa inapouzwa, mapato na matumizi ya zahanati yasomwe katika mkutano wa kijiji kama daftari la msiba linavyosomwa, na dawa zifike kabla ya mkusanya michango.

Nasi wanakijiji tusijifiche nyuma ya makosa ya serikali. Tunawazika watu kwa heshima kubwa, pengine kwa fedha ambazo zingetosha kuwatibu. Marehemu hana haja ya jeneza la mninga. Alikuwa na haja ya nauli ya kufika Ndolage au Rubya wiki tatu kabla.