Chimbuko na Njia: Tahakiki ya Etimolojia ya Maneno ya Kiarabu katika Kituruki

Kamusi inayosema kwamba neno la Kituruki devlet ("dola") ni la Kiarabu haikosei, ila inaishia njiani. Chimbuko la neno ni jambo moja. Lugha iliyolikopesha ni jambo jingine. Katika taaluma ya ukopaji, maswali haya mawili huchanganywa mno.

Ushahidi umo katika maumbo yenyewe. Tamati ya kike ya Kiarabu, tā' marbūta, huonekana katika Kituruki kwa sura mbili: yenye t, kama katika devlet, nimet ("neema") na saat, au isiyo nayo, kama katika medrese. Fonolojia ya Kituruki haiuelezi mgawanyo huu. Kiajemi kinauelezea, kwani nacho kina dowlat, ne'mat na sā'at, lakini madrase. John R. Perry aliichunguza tamati hiyo katika Kiajemi kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1991. Kiswahili, ambacho kwa kiasi kikubwa kilikopa kutoka kwa Waarabu wenyewe waliofika pwani, kina dola, neema, saa na madrasa: t haimo hata mara moja.

Hata hivyo, siafikiani na wanaotaka kila neno lipitie Uajemi. Tuchukue kadı, yaani kadhi. Kiajemi hutamka qāzi. Lau neno hilo lingepitia huko, tungetarajia z, kama ilivyo katika ramazan. Ajabu ni kwamba kaza ("hukumu, ajali"), neno la mzizi uleule, lina z. Mzizi mmoja, milango miwili. Nadhani kadı, likiwa jina la cheo cha kisheria, lilikuwa karibu zaidi na Kiarabu cha wanazuoni, lakini hoja hii inahitaji kupimwa kwa istilahi nyingine za mahakama.

Wanamageuzi wa Türk Dil Kurumu, iliyoundwa mwaka 1932, hawakujali tofauti hizi. Kwao Kiarabu na Kiajemi vyote vilikuwa ugeni. Mektep likapisha okul, neno ambalo wengi wameona linafanana mno na école la Kifaransa. Kitap likabaki.

Maana nazo zina njia zake. Misafir wa Kituruki ni mgeni aliyekwisha kukaribishwa nyumbani. Msafiri wetu bado yuko njiani. Kamusi inayoandika "Kar." kando ya yote mawili, kisha ikanyamaza, imetupa nusu ya habari.